Maharagwe ya Ng'ambo ya Daraja

Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji huingia katika nyufa za mawe ya volkano na kupotelea humo, na muda si mrefu barabara huwa kavu tena. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa mtaa wa Mapendo, nikiwaambia wachore daraja, wengi huchora meza: ubao juu, miguu chini. Siwacheki. Nachukua chaki, nachora tao moja, halafu la pili pembeni yake, na kuwaeleza kwamba jiwe la juu kabisa halianguki kwa sababu majirani zake wanalibana, na lenyewe linawabana. Hakuna msumari, hakuna chuma. Wananitazama kwa mashaka, kisha mmoja anajaribu, anakosea, anafuta, anajaribu tena, na mwisho tao linasimama kwenye daftari lake.

Daraja ninalowachorea ni lile lile kila mwaka. Nililifahamu vizuri kwa msimu mmoja wa vita, na msimu huo nililichukia.

Liko upande wa mji mdogo wa Sake. Ukitoka mjini unapita Lac Vert, unaendelea na barabara kubwa, kisha unaiacha na kuanza kupanda kuelekea vilima vya Masisi. Huko mawe ya volkano yamekwisha, udongo ni mwekundu, na maji yanapita juu ya ardhi, jambo ambalo sisi wa Goma hulishangaa. Mto wenyewe si mpana, lakini umejichimbia korongo lenye kuta za wima, na wakati wa mvua unabeba miti mizima. Daraja linapita juu ya korongo hilo: matao mawili ya mawe meusi, ukuta mfupi kila upande wa kuzuia watu wasianguke, na njia ya katikati isiyotosha magari mawili kupishana. Kivuko kingine kilikuwa mbali huko chini, na wakati ule kilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki.

Lilijengwa enzi za wakoloni ili mazao ya mashamba yao makubwa yashuke hadi ziwani. Mawe yalitolewa chini kwenye uwanda wa volkano, na walioyabeba kichwani hadi kule juu ni mababu wa kijiji cha ng'ambo, wakisindikizwa na fimbo. Miaka mingi baadaye Leta, kama tunavyoiita serikali, ililiandika katika mali za taifa na kupigilia ukutani kibao cha chuma chenye maneno ya Kifaransa. Kilisema kwamba hili ni jengo la kale linalolindwa na sheria, na kwamba ni marufuku kuondoa, kuongeza au kubadili chochote. Nilipokisoma mara ya kwanza kilikuwa kimeshatobolewa na risasi, lakini maneno yalisomeka.

Kwa wanakijiji kibao kile kilikuwa kimechelewa. Wao walikuwa wakililinda daraja tangu zamani kwa sheria yao wenyewe, na naomba uielewe sheria hiyo vizuri, maana mengine yote yalitokana nayo. Kila ukoo ulikuwa na mawe yake. Mtoto alionyeshwa: kuanzia ufa huu hadi alama ile, hapo ndipo babu yako alipobeba. Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja, kila ukoo ulitoka na visu na maji, ukang'oa majani na kuvu katika sehemu yake, ukarudi nyumbani. Hakuna aliyegusa sehemu ya mwingine. Bibi arusi akiletwa kutoka mbali, mama mkwe alimpeleka darajani siku ya salongo, akamwonyesha mawe ya ukoo, naye akang'oa jani lake la kwanza. Tangu hapo alikuwa mtu wa kijiji na aliweza kugawiwa shamba. Walikuwa na neno la hilo: kushika daraja. Aliyeshika daraja ana ardhi. Asiyeshika ni mpitaji, hata akikaa hadi nywele zote ziwe nyeupe.

Mama yangu hakujua neno hilo.

Yeye alitoka juu zaidi, katika vilima nilikozaliwa. Vita vilipofika huko aliteremka na majirani zake, wakajenga vibanda vya miti na maturubai kwenye kilima kilicho upande huu wa daraja. Mimi nilikuwa tayari mwalimu Goma, nikamwita aje kwangu Mapendo. Alikataa. Mjane mmoja wa kijiji cha ng'ambo alikuwa amempa kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Mapatano yalikuwa ya kawaida ya sehemu zile: mama alime shamba la mjane asubuhi, lake mwenyewe alasiri, na siku ya mavuno atoe sehemu ya mwenye shamba. Akapanda maharagwe. Kila nilipopata mtu wa kumpelekea ujumbe, jibu lilirudi lile lile: maharagwe yameota, maharagwe yametoa maua, niache kwanza.

Usidhani ilikuwa njaa tu. Kambini watu walipewa unga, ingawa siku nyingine hawakupewa. Lakini mama alikuwa hajavuna kitu chake tangu alipokimbia. Mwanamke mkulima asiye na mbegu ya kupanda mwaka ujao huacha kujiona mkulima. Anajiona mtu wa kupanga foleni. Maharagwe yale yalikuwa chakula, na yalikuwa mbegu, na mama alikuwa ameshachagua kichwani mwake magunia ya kuyatia.

Yakiwa yameanza kukauka, lori la wenye silaha lilipita darajani. Sitasema walikuwa wa upande gani. Mwezi ule pande zilibadilika mno. Lori lilikuwa pana kuliko njia. Liliukwaruza ukuta, mawe yakaanguka, mengine njiani, mengine kwenye nyasi za ukingo, na lori likaenda zake. Wanakijiji walikuwa wamejificha. Hata waliporudi hawakuyagusa mawe yale. Walingoja Jumamosi, ili ukoo wenye mawe hayo uje kuyainua na kijiji chote kishuhudie.

Mama na wenzake waliyaona mawe yamelala tu, siku ya kwanza, siku ya pili. Sasa inabidi nieleze desturi ya upande wetu pia. Katika vilima vya kwetu, mtu aliyepokelewa na mwenyeji hali mavuno yake ya kwanza kabla hajafagia lupango ya mwenyeji, yaani ua wake wote. Anaamka kabla ya wengine, anafagia, anatupa takataka mbali, anarudi kulala. Mwenyeji akiamka anakuta ua safi, anaelewa, ananyamaza. Hakuna anayeshukuru wala kuuliza. Ni kusema bila maneno: nimekula kwako, nimekuona. Na kwa kuwa hakuna anayeomba ruhusa ya kufagia, mama hakuomba. Kufagia ua wa mjane tu aliona haitoshi, maana maji waliyokunywa na njia waliyopita vilikuwa vya kijiji kizima. Akawaambia wenzake: ua wa kijiji hiki ni daraja.

Wanawake wa vilima vyetu wanajua mawe. Kuta za kuzuia ng'ombe wasiingie mashambani tunazijenga sisi. Alfajiri waliyainua yale yaliyoanguka, wakayapanga mahali pake, wakayashikiza kwa udongo mzito, na kwa sababu walibakiwa na muda wakang'oa na majani. Ukuta ulisimama vizuri. Hata waliowatukana baadaye hawakulikana hilo.

Jua lilipopanda, kijiji kiliamka na kukuta wageni wameshika daraja.

Mimi nilifika kesho yake. Shule yetu ilikuwa imefungwa. Madarasa yalijaa familia zilizokimbia, na mzee mmoja alikuwa amelala chini ya ubao wangu. Nikaona nitumie siku hizo kumsaidia mama kuvuna. Nilikuta shina la mkaratusi limelazwa katikati ya njia, mwisho wa daraja upande wa ng'ambo, na vijana wamelikalia. Waliliita barieri. Wachuuzi walipita. Wenye chukudu zilizobeba mkaa walipita, wakisukuma zile skuta zao za mbao kwa jasho. Watu wa kambini hawakupita.

Mama hakunisalimu kwanza. Alininyooshea kidole ng'ambo, juu ya paa za kijiji, mahali palipokuwa na rangi ya njano kati ya migomba.

"Ni yale pale," alisema. "Unayaona? Majani yameanza kuanguka."

Nilikwenda kwenye barieri, mama nyuma yangu. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba watu wakielezwa taratibu wanaelewa, na bado naamini, ingawa si kwa haraka ileile. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa salongo, bwana mwenye filimbi shingoni na sauti ya mtu anayeamrisha watu kwenye matope. Nilimweleza habari ya lori, nikaeleza desturi ya lupango, hatua kwa hatua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama najua kusoma.

"Najua, papa."

"Soma ile plaki."

Nilikisoma kile kibao kwa sauti, nikakitafsiri.

"Umeona? Leta ilisema hapana kuongeza."

"Hawakuongeza, papa. Ni mawe yale yale."

"Waliongeza mikono yao," alisema. "Mikono ya babu yangu iko mu ile mawe. Sasa iko na ya mama yako. Kesho mutoto yako atakuya hapa na kusema: hapa ndiyo kwetu, mama alijenga. Madamu, mimi minajua kusoma kidogo tu. Lakini hiyo minaisoma."

Vijana walicheka. Mmoja aliniuliza kama Goma walimu wamekwisha hadi wanatumwa kufundisha mawe. Msichana aliyebeba fungu la sombe, majani ya muhogo, alisimama makusudi kando yangu, akawaambia wenzake, si mimi, kwamba hawa waliomba maji wakapewa, wakaomba shamba wakapewa, sasa wanataka na barabara, basi atuambie mwalimu sisi tuhamie wapi.

Sitaki uwachukie haraka. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Katika sehemu zetu kila mtu anakijua kijiji kilichopokea watu kwa msimu mmoja, na watu hao hawakuondoka, na baada ya vita vingine walirudi na karatasi, au na ndugu zao wenye bunduki, na wenyeji ndio waliokuwa kambini. Nilijua habari hizo nikiwa nimesimama pale. Lakini nilijua pia kwamba mwanamke aliyekuwa nyuma yangu hakuwa na karatasi wala bunduki, na kwamba ganda la haragwe likishakauka halingoji mtu. Likipigwa na jua sana linapasuka na kumwaga. Likinyeshewa, haragwe linaota humo humo ndani, au linaoza. Mkulima ana siku chache tu kati ya hayo mawili.

Siku hizo zilikuwa mbaya. Watoto wa pande zote mbili, waliokuwa wakioga pamoja chini ya matao, walitukanana sasa kutoka ukingo hadi ukingo. Watoto wa kijiji walituita wenye daraja, na kicheko kilivuka korongo kabla ya maneno. Mwanamume mmoja wa kambini alisema bora mawe yale yasukumwe mtoni, wakose wote. Mama alimwambia afunge mdomo, yeye hakupanda kitu. Kila asubuhi mama alitembea hadi katikati ya daraja, mahali ambapo vijana walikuwa hawajakataza, akasimama akatazama rangi ile ya njano ikigeuka kahawia.

Mwenye shamba, yule mjane, alipita mbele yake akienda sokoni Sake. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, wa umri wa mama yangu. Kabla ya hapo walikuwa wakipalilia mstari kwa mstari na kucheka juu ya waume zao waliokufa. Sasa alipita akitazama mbele. Nyuma yake wanawake wa kijiji walimtania kwa sauti: je, ameshamwozesha mwanawe kwa badeplase, maana bibi arusi ameshashika daraja? Badeplase ndilo jina letu tuliokimbia makwetu. Aliendelea kutembea. Lakini niliona mabega yake yalivyokaza, nikaelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilipishwa upande ule, kila siku, kwa kipande kile cha ardhi alichokitoa.

Mtu mmoja wa kijiji alipeleka malalamiko Goma, na kwa mshangao wa wote, Goma ilikuja. Ilikuja kwa umbo la ofisa mmoja juu ya pikipiki, aliyesema ofisi yake iko mtaa wa Himbi na inashughulika na majengo ya kale. Alivua kofia yake ngumu, akapita mbele ya ukuta, akaugonga kwa ufunguo, akapiga picha kwa simu. Pande zote mbili zilikusanyika, kila moja ikiwa na hakika kwamba amekuja kwa ajili yake.

Alisema ni kosa. Udongo si chokaa. Jengo lililolindwa halitengenezwi hivyo. Mawe yashushwe, yapangwe kando, yangoje fundi wa ofisi.

Msimamizi wa salongo aliwageukia watu wake kwa furaha. Ofisa akamwambia basi, washushe.

"Sisi?" msimamizi alisema. "Sisi hatuwezi gusa. Tukigusa, ni kusema tumekubali kazi yao."

"Basi hawa washushe."

"Hawa nao hapana. Wakatazwe. Tena washike mara ya pili?"

Ofisa aliwatazama hawa, akawatazama wale, akaitazama barabara aliyokuja nayo, maana tulikuwa tumeanza kusikia mizinga upande wa vilima. Nilimsogelea nikamwomba jambo moja tu: aseme mbele ya wote kwamba kwa sheria ya Leta, kuinua jiwe lililoanguka hakumpi mtu ardhi. Nilifikiri likisemwa na mtu wa ofisi litatuliza hofu. Alinijibu kwa adabu kwamba mambo ya ardhi ni ya ofisi nyingine. Akavaa kofia yake, akaahidi kurudi na fundi. Sijawahi kusikia kwamba alirudi.

Hata hivyo ziara yake ilizaa kitu. Wanakijiji walijadiliana siku ile hadi jioni, na kesho yake msimamizi aliniita. Walikuwa wamepata njia, alisema. Mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza wenzake, aje peke yake mchana, mbele ya watu, ayashushe mawe yale kwa mikono yake na kuyaweka chini. Mikono iliyoweka itoe. Akifanya hivyo atakuwa amesema kwamba hana dai, na barieri itafunguliwa avune siku ileile.

Nilirudi kambini nikikaribia kukimbia. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye nguvu zake. Nilimpata mama akisuka kamba za kufungia mavuno. Nilimweleza yote. Aliendelea kusuka.

"Hapana," alisema.

Nilidhani hakuelewa, nikaanza upya. Alinikatiza.

"Kurudisha uchafu mu lupango ya mutu, unajua ni nini?"

Nilijua. Kwetu, aliyefagia ua wa mwenyeji akichukua takataka zile na kuzimwaga tena uani, amelaani nyumba ile. Hakuna laana ya mgeni iliyo mbaya zaidi. Hufanywa na anayeondoka kwa chuki, akitaka mji ule ubaki mtupu.

"Ule mama alinipa shamba wakati batu yake yote walisema hapana," mama alisema. "Niende nimulaani mbele ya macho yake? Juu ya maharagi?"

"Mama, wao hawaijui hiyo. Kwao ni mawe tu."

"Mimi minaijua."

Nilibishana naye alasiri nzima. Nilimwambia kwamba jambo moja linaweza kuwa na maana moja huku na nyingine kule, na kwamba Mungu anaona moyo wa mtu. Nilimkumbusha mbegu. Nilimwambia mawingu yameanza kukaa juu ya vilima. Alikubali kila nilichosema, kwa upole, kama mtu anayekubali kwamba mvua ni maji. Mwishowe alisema kwamba nafundisha vizuri, lakini siwezi kumfundisha mikono yake isahau. Akamaliza kamba ile, akaanza nyingine. Kwa nini alizisuka, sikumwuliza.

Nilikwenda peke yangu kwenye barieri kupeleka jibu. Msimamizi alilipokea kwa kuridhika. Umeona, aliwaambia vijana, anashika. Nikaeleza sababu, na nikaona nikiwa katikati ya maelezo kwamba naharibu zaidi.

"Kwa hiyo ni sisi tunaokolewa naye," alisema. "Anakataa kutoka mu daraja yetu juu ya kutupenda. Aksanti sana. Mumwambie apunguze."

Walicheka kwa muda mrefu. Mwenye shamba alikuwa amesimama nyuma yao na mzigo wa kuni mgongoni, akingoja wamwachie nafasi. Sikuwa nimemwona. Ndiye peke yake ambaye hakucheka.

"Anasema namna gani, mama yako?" aliniuliza.

Nikarudia, kwa ajili yake sasa: kwamba kuyashusha mawe ni kumwaga uchafu katika ua wa aliyempokea, na kwamba hawezi kumfanyia yeye hivyo hata akikosa kila kitu. Alinitazama. Uso wake ulikuwa wa hasira tupu, na nilifikiri atanitemea mate. Alitema chini, kando. Kisha akapita na kuni zake.

Kesho yake mawingu yalishuka hadi kwenye migomba. Mama hakwenda katikati ya daraja. Alikaa mlangoni pa kibanda ameupa mto mgongo. Mimi ndiye niliyeona mtu anakuja kutoka mashambani, ameinama, ukanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba, na mgongoni ana fungu kubwa la mashina ya maharagwe yaliyong'olewa mazima, na mizizi, na udongo. Alikuwa mwenye shamba. Alifika kwenye barieri, akageuka, akaliachia fungu likaanguka upande wetu. Maganda yalilia kwa ukavu.

Kijana mmoja alisimama. "Mama, ile ni ya badeplase."

"Ni ya shamba yangu. Wewe ulilima?"

Kijana alikaa. Yeye akarudi mashambani. Nilimwita mama, na tulipofika katikati ya daraja fungu la pili lilikuwa likianguka, na watu walikuwa wameanza kutoka majumbani. Msimamizi alikuja haraka, filimbi ikirukaruka kifuani. Alimwambia kwamba anavunja neno la kijiji, kwamba walikubaliana wote.

"Tulikubaliana nini?" mwenye shamba aliuliza, akipumua kwa nguvu. "Kwamba hawatavuka. Nani amevuka? Unaona mutu? Ni maharagi ndiyo inavuka. Maharagi nayo iko badeplase?"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa niliona mwanamke mmoja akiziba mdomo kwa kitenge. Msimamizi alisema Jumamosi ya salongo watalizungumza. Akamjibu kwamba Jumamosi ataleta kisu chake darajani kama kawaida, na atakayetaka kumfukuza kwenye mawe ya mume wake aje mapema. Akaenda kuleta fungu la tatu. Hakuna aliyemsaidia. Sisi hatukuruhusiwa, na wenzake hawakutaka.

Alipolitupa la mwisho alisimama, mikono ikining'inia. Kati yake na mama palikuwa na gogo lile na maharagwe yaliyorundikana. Mama alipiga hatua moja.

"Mama, aksanti..."

"Usinishukuru," mwenye shamba alisema. "Nilikupa shamba, na wewe ukanipa hii. Kila siku batu wanatemea mate jina yangu. Si nilikuambia uniulize kitu kama haujui? Ungeniuliza. Neno moja tu. Ungeniuliza."

Ndivyo ilivyokuwa: desturi yetu haiulizi.

"Beba vitu yako, uende," yule akaendelea. "Sitaki useme huko mbele kwamba nilikula jasho yako. Na usirudi kuniomba kitu tena."

"Na sehemu yako?"

"Siitaki."

Aligeuka akaondoka. Watu walimfungulia njia kwa namna ambayo hawamfungulii mtu wanayempenda.

Tulibeba mafungu hadi kambini, tukayatandaza juu ya turubai, tukayapiga kwa fimbo kabla mvua haijafika. Mizinga ilikuwa imesogea, na wengi walikuwa wakifunga vyombo vyao kushuka Goma. Mama alipepeta. Maharagwe yalikuwa mazuri, ya rangi ya damu ya mzee na madoa meupe, magumu, hayajaguswa na wadudu. Kabla hajaweka hata moja kwenye gunia lake, alitenga sehemu ya mwenye shamba. Aliichagua punje kwa punje, akatoa zilizokunjamana na kuzitia upande wake. Nilimwambia kwamba amesikia mwenyewe, haitakiwi. Aliendelea kuchagua.

Asubuhi tuliyoondoka, alichukua kapu lake zuri, lile lililobaki kutoka nyumbani, akalijaza sehemu ile, akalifunika kwa jani la mgomba, akalibeba hadi ng'ambo ya daraja. Hakugusa ukuta. Aliliweka chini, upande wa kijiji wa lile gogo, akamwita mwenye shamba kwa sauti ya kutosha kufika kwenye nyumba yake. Aliita mara ya pili. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi, moshi ukitoka paani, na hakuna aliyetoka.

Mama akarudi, akabeba gunia la mbegu, akaniambia twende. Pale barabara inapopinda niliangalia nyuma. Kapu lilikuwa bado pale lilipowekwa. Vijana wa barieri walikuwa wamehama kwenye gogo, wameketi mbali nalo kwenye nyasi zenye umande, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulishika.